Kitendawili Kisichoteguliwa: Nadharia za Usimulizi na Trela za Filamu za Kutisha

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna nadharia za usimulizi zinavyotumiwa kuchambua trela za filamu za kutisha. Inadai kwamba mkabala uliozoeleka, yaani kuisoma trela kama hadithi iliyofupishwa na kuipima kwa hatua tano za Todorov au majukumu ya Propp, hukikosa kile hasa kinachotisha katika matini hizo. Kwa kurejelea trela za The Shining, Hereditary, Psycho, Quarantine na Paranormal Activity, inaonyeshwa kuwa trela ya kutisha huendeshwa na swali lililonyimwa jibu, na kwamba kimuundo inakaribiana zaidi na kitendawili kuliko ngano. Hoja hiyo inahusishwa na kazi ya kupanga madaraja ya filamu na matangazo yake.

1.0 Utangulizi

Trela ya filamu ya kutisha huchukua dakika mbili hivi, lakini imezaa uchambuzi mwingi kuliko urefu wake. Nchini Uingereza, ambako somo la vyombo vya habari hufundishwa hadi ngazi ya juu ya sekondari, wanafunzi wamekuwa kwa miaka mingi wakichambua trela za aina hii, na wengine wakitakiwa kutengeneza za kwao, wakiongozwa na majina yaleyale: Todorov, Propp, Barthes. Mkabala huo haukubaki huko. Afrika Mashariki nayo, ambako naratolojia imezoeleka katika uhakiki wa riwaya, tendi na ngano, haina sababu ya kuziacha nje filamu na matangazo yake. Kupanuka huko kwa uwanja si jambo la kulalamikia. La kulalamikia ni namna nadharia inavyobebwa nzimanzima na kupachikwa juu ya matini ambayo haikuumbiwa, kisha kila kisanduku kikatiwa alama ya vema.

Istilahi yenyewe ina la kufunza. Kiswahili kina maneno mawili yanayoshindana kwa dhana hii, trela na kionjo. Kionjo ni neno zuri, lakini linadokeza kwamba anayeonja mchuzi jikoni hupata ladha ileile atakayoikuta sahanini. Kwa filamu ya vichekesho au ya mapigano huenda ikawa hivyo. Trela ya kutisha haionjeshi; huzuia. Neno trela nalo lina historia yake: matangazo haya yaliitwa hivyo Marekani kwa sababu hapo mwanzo yalionyeshwa baada ya filamu, yakiifuata kama tela linavyofuata lori. Leo hutangulia, tena kwa miezi. Gérard Genette, katika kitabu chake cha 1987 kiitwacho Seuils, yaani Vizingiti, aliziita matini za aina hii, kama vile majalada, dibaji na matangazo, sehemu ya mlango ambapo msomaji huamua kuingia au kugeuka. Istiara ya kizingiti inafaa kuliko ya mchuzi, na ndiyo inayofuatwa hapa.

2.0 Hatua tano na trela isiyo na hata moja

Mfano wa Tzvetan Todorov wa mwishoni mwa miaka ya 1960 unajulikana vyema. Simulizi kamili huanza na msawazo, nguvu fulani huuvuruga, vurugu hutambuliwa, juhudi za kuirekebisha hufanywa, msawazo mpya hupatikana, unaofanana na ule wa kwanza bila kuwa uleule. Vladimir Propp, katika utafiti wake wa 1928 kuhusu ngano za Kirusi, alikuwa ameorodhesha majukumu 31 yanayofuatana, kuanzia mmoja wa familia kuondoka nyumbani hadi shujaa kufunga ndoa. Mifano yote miwili ilichotwa kutoka katika simulizi zilizokamilika. Todorov alikuwa akiitazama Decameron. Propp alikuwa na ngano zilizokwisha kusimuliwa hadi mwisho.

Mchambuzi anayepeleka mfano huo kwenye trela ya kutisha kwa kawaida hupata jibu la haraka. Familia inahamia nyumba mpya, jua linawaka, watoto wanacheka: huo ni msawazo. Mlango unajifunga wenyewe: huo ni uvurugaji. Hatua ya tatu na ya nne huonekana nusunusu. Ya tano haipo, na mchambuzi huandika kwamba trela “imeiacha wazi ili kuvutia watazamaji”. Sentensi hiyo si ya uongo. Tatizo ni kwamba inakifanya kisichokuwepo kuwa pengo dogo mwishoni, ilhali ndicho kinachoipanga matini yote tangu picha ya kwanza.

Trela ya The Shining ya Stanley Kubrick inatosha kuonyesha hilo. Ni picha moja tu, kamera haisogei. Mbele yake kuna milango miwili ya lifti katika ukumbi wa hoteli. Majina ya waliohusika yanapanda taratibu kutoka chini, muziki unazidi kukaza, na hakuna mtu anayepita. Kisha mlango mmoja unaachia, damu inafurika ukumbini, viti vinabebwa, na wimbi linaifunika kamera yenyewe. Hakuna mhusika, hakuna mazungumzo, hakuna tendo la mtu yeyote. Propp hapati hata jukumu moja la kuandika. Todorov wa hatua tano hana msawazo wa kuanzia, maana ukumbi mtupu ulio na muziki ule hauna utulivu wowote.

Hata kusema kwamba picha hiyo ni dokezo la tukio lijalo hakusaidii sana. Katika filamu, mafuriko ya damu huja kama maono. Mtoto Danny huyaona kabla familia haijafika hotelini, na mama yake huyaona karibu na mwisho. Hayamo katika mnyororo wa sababu na matokeo. Mtu akiulizwa “nini kilitokea katika The Shining?” anaweza kuisimulia hadithi nzima bila kuitaja lifti. Trela imechagua kitu ambacho si tukio, ikakifanya kuwa swali: damu ya nani, na kwa nini nyingi hivyo? Mtazamaji aliyeketi mbele ya milango ile kwa dakika nzima hasubiri kujua hadithi itaishaje. Bado hajapewa hadithi.

3.0 Todorov mwingine

Inashangaza kwamba wanaomtumia Todorov kwa trela za kutisha hukimbilia hatua tano na kukipita kitabu chake cha 1970 kuhusu fasihi ya kifantasia, ambacho kinaihusu mada moja kwa moja. Humo anadai kwamba ufantasia hudumu kwa muda ule tu ambao msomaji anasita. Jambo la ajabu limetokea. Je, lina maelezo ya kawaida, kama ndoto, wazimu au hila, au kweli sheria za dunia zimevunjwa? Msomaji akiamua upande wowote, ufantasia umekwisha, na kazi imehamia katika tanzu jirani. Todorov mwenyewe alikiri kwamba kazi zinazodumisha kusita huko hadi ukurasa wa mwisho ni chache, na akaitaja The Turn of the Screw ya Henry James kuwa mojawapo.

Filamu ndefu ya kutisha hulazimika kuamua. Trela hailazimiki. Kile ambacho Todorov alikiona kwa nadra katika riwaya ndiyo hali ya kawaida ya utanzu huu mfupi. Hereditary ya Ari Aster (2018) ni mfano mzuri. Trela yake inaanza na maziko ya bibi, inaonyesha mama anayezungumza juu ya siri za marehemu, na inamrudia mara kwa mara binti mdogo, Charlie, ambaye hugongesha ulimi mdomoni na kukata kichwa cha ndege aliyekufa. Mtazamaji husita katikati ya maelezo matatu: familia yenye huzuni, familia yenye ugonjwa wa akili, au familia iliyoingiliwa na kitu. Filamu yenyewe huamua kwa uwazi kabisa. Kuna kundi linaloabudu pepo aitwaye Paimon. Wapo wanaoona kwamba hapo ndipo filamu inapopoteza nguvu zake, na wana hoja.

Trela hiyo inafanya jambo la pili. Inamweka Charlie mahali ambapo mtazamaji aliyezoea filamu za watoto wa kutisha humtambua mara moja kama chanzo cha uovu. Katika filamu, Charlie hufa kabla ya nusu ya kwanza kwisha. Roland Barthes, katika S/Z (1970), aliutenga msimbo wa fumbo na msimbo wa matendo, na ndani ya msimbo wa fumbo akaweka kipengele alichokiita mtego: jibu la uongo linalotolewa kwa makusudi ili jibu la kweli licheleweshwe. Charlie wa trela ni mtego kwa maana hiyo kamili. Hapa nadharia haijapachikwa juu. Imefichua ufundi ambao jicho la kawaida lingeuita udanganyifu wa kibiashara tu.

4.0 Kusema yote bila kusema

Pingamizi moja lazima likabiliwe. Watazamaji wengi hulalamika kwamba trela za siku hizi husimulia filamu yote. Ikiwa malalamiko hayo ni ya haki, dai kwamba trela ya kutisha huendeshwa na kunyimwa jibu linaanguka.

Trela ya Psycho (1960) inajibu vizuri kuliko hoja yoyote ya kinadharia. Ina urefu wa zaidi ya dakika sita, na karibu yote ni Alfred Hitchcock mwenyewe akiwatembeza watazamaji katika moteli na nyumba iliyo kilimani, kama mwongoza watalii katika eneo la makumbusho. Anaonyesha ngazi na kueleza mwathirika alivyoangukia hapo. Anaonyesha chumba cha mama, anakatisha sentensi, anatikisa kichwa kwa masikitiko. Anaingia bafuni na kueleza kwamba kila kitu kimekwisha safishwa. Hatimaye anavuta pazia la bafu, na mwanamke anapiga yowe.

Kwa msimbo wa matendo, Hitchcock ametoa karibu kila kitu: kuna mauaji zaidi ya moja, moja ni bafuni, jingine ni ngazini, silaha ni kisu. Kwa msimbo wa fumbo, hakutoa chochote. Tena ameongeza uongo, kwa kumzungumzia mama wa nyumba ile kana kwamba ni mtu hai anayemtawala mwanawe, ilhali siri ya filamu yote imo humo. Hata mwanamke anayepiga yowe si yule anayeuawa bafuni katika filamu. Aliyeuawa humo ni mhusika wa Janet Leigh; katika trela aliyesimama nyuma ya pazia ni Vera Miles, akiwa amevaa nywele za bandia. Mtazamaji aliyeiona trela aliingia ukumbini akijua mahali pa mauaji, namna ya mauaji na silaha, na bado hakujua lolote la maana. Ujuzi huo ulimtia hofu zaidi kila mhusika alipokaribia bafu. Hitchcock alizoea kueleza tofauti hiyo kwa mfano wa bomu chini ya meza: hadhira isiyojua hushtuka kwa sekunde chache, hadhira inayojua hukaa katika taharuki kwa dakika nyingi. Trela ya Psycho huliweka bomu chini ya meza kabla tiketi haijanunuliwa.

Mfano mgumu zaidi ni Quarantine (2008), iliyoundwa upya Marekani kutokana na filamu ya Kihispania REC. Trela na bango lake vilitumia picha ya mwisho kabisa ya filamu, mwanamke akiburutwa gizani mbele ya kamera. Wengi waliona huo ni uzembe wa watangazaji, na pengine ulikuwa. Lakini kinadharia kisa hiki kinafaa. Picha ya mwisho ikiwekwa kwenye trela haiwi mwisho, kwa sababu mwisho ni uhusiano wa tukio na yaliyolitangulia, wala si mahali pake kwenye mkanda. Katika trela, mwanamke yule ni swali tu. Anakuwa jibu pale anapotazamwa baada ya dakika themanini na kitu, na hapo ndipo hasara inapotokea: mtazamaji anayeikumbuka trela hukaa akiisubiri picha ile, na kila hatari iliyotangulia hupungua uzito kwa kuwa anajua siyo ya mwisho. Filamu ndiyo iliyoharibiwa. Trela yenyewe ilifanya kazi yake.

5.0 Mtegaji na mji wake

Kama trela ya kutisha si ngano fupi, basi ni nini? Fasihi simulizi ya Kiswahili ina utanzu uliojengwa juu ya kunyima jibu, nao una kanuni zilizo wazi kuliko misimbo ya Barthes. Mtegaji husema “Kitendawili!” Hadhira hujibu “Tega!” Fumbo hutolewa; hadhira hujaribu na kushindwa; mtegaji hudai apewe mji. Akipewa mji asioupenda huukataa na kudai mwingine. Akiridhika, hujigamba kidogo juu ya safari yake huko, na baada ya hapo tu hulitoa jibu.

Mlingano na trela si wa kulazimisha. Fumbo hutolewa kwa picha moja au mbili zilizokatwa kutoka katika muktadha, kama kitendawili kinavyolitaja yai kwa kuuficha uyai wake na kuacha umbo na kutokuwa na mlango. Trela ya Alien (1979) ilifanya hivyo karibu neno kwa neno: yai linapasuka, mwanga unatoka ndani, kisha picha za kukimbia na kuhangaika bila mazungumzo, bila kiumbe kuonekana. Na mji upo. Ni bei ya tiketi, inayolipwa kabla ya jibu. Nadharia ya hatua tano haina nafasi ya malipo hayo. Huyaweka nje ya matini, chini ya kichwa cha masoko. Katika kitendawili malipo yamo ndani ya muundo, na mtafiti wa fasihi simulizi hawezi kuyaacha bila kuuvunja utanzu.

Mkabala huu una mipaka yake. Vitendawili vingi vina jibu linalokubaliwa na jamii, na mara nyingi nusu ya waliokaa wanalijua tayari. Raha ni ya kushiriki, si ya kugundua. Trela ya kutisha hudai kuwa jibu lake ni jipya. Hata hivyo mashabiki wa utanzu huu hulijua jibu kwa jumla, kwamba nyumba ina mzimu na kwamba mlango wa ghorofa ya chini haufai kufunguliwa, na bado huja. Tofauti ni ndogo kuliko inavyoonekana.

Paranormal Activity (2009) iliipeleka hadhira yenyewe ndani ya fumbo. Sehemu kubwa ya trela yake inaonyesha watazamaji ukumbini, wamepigwa picha kwa kamera ya gizani, wakirukaruka vitini, wakifunika macho, wakishikana. Filamu iliyotengenezwa na Oren Peli kwa bajeti ndogo mno haikuwa na madoido mengi ya kuonyesha. Kilichoonyeshwa ni waliotishwa, na kitishacho kikabaki nje. Katika lugha ya naratolojia, msimuliwa amechukua nafasi ya mhusika. Katika lugha ya baraza, mtegaji amewaonyesha wageni wale walioshindwa jana, akawauliza kama wao watathubutu.

Kwa watafiti wa Afrika Mashariki hapa pana jambo la kuchunguza. Wasimulizi wa filamu kama DJ Afro wa Kenya na VJ Jingo wa Uganda wamejenga sanaa ya kuweka sauti zao juu ya filamu za kigeni, wakieleza, wakitania na kuwapa wahusika majina. Msimulizi wa aina hiyo hutembea na hadhira na humtegulia anayekwama. Trela ya kutisha, kinyume chake, hutegemea kutokuwepo kwa mtu wa kueleza. Matini ya aina hii ikipewa sauti ya msimulizi wa kibandani inabaki trela ya kutisha, au inageuka ngano? Swali hilo linahitaji ukusanyaji wa data, na naratolojia ya vitabuni haitalijibu peke yake.

6.0 Suala la madaraja

Uhakiki huu ungebaki wa darasani kama trela zisingekuwa pia suala la sera. Kenya hupanga filamu katika madaraja ya watazamaji wote, mwongozo wa mzazi, miaka 16 na miaka 18, kupitia Bodi ya Uainishaji wa Filamu. Tanzania ina Bodi ya Filamu, yenye chimbuko katika Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976. Marekani hutofautisha trela zenye kadi ya kijani na zenye kadi nyekundu, na tangu 2009 kadi ya kijani haizungumzii tena watazamaji wote bali watazamaji wanaofaa. Katika mifumo hii, kazi aghalabu huanza na kuhesabu kinachoonekana: damu, silaha, maiti, uchi, matusi.

Inasimuliwa kwamba Kubrick aliipitisha trela ya The Shining kwa kuwaambia wakaguzi kwamba kile kinachofurika kutoka kwenye lifti ni maji yenye kutu. Iwe kweli au utani wa watu wa filamu, kisa hicho kinafichua kasoro ya kipimo. Kioevu kikiitwa kutu, trela haina hata kosa moja: hakuna aliyejeruhiwa, hakuna silaha, hakuna mtu. Nayo bado inatisha kuliko trela nyingi zenye mapanga. Wakaguzi wa Uingereza, BBFC, wamekwenda mbali zaidi kwa kuzingatia toni ya kazi na kwa kukumbuka kwamba aliyeketi ukumbini hakuichagua trela anayoonyeshwa.

Hoja hiyo ya kuchagua ndiyo yenye uzito leo, kwa sababu trela imetoka ukumbini. Mnamo Agosti 2018 YouTube iliondoa tangazo la filamu The Nun lililokuwa la sekunde chache tu na lisiloweza kurukwa. Lilionyesha alama ya sauti ya simu ikipungua taratibu, kama vile mtu anapunguza sauti ya kifaa chake. Kisha uso wa mtawa ukatokea ghafla kwa yowe. Kampuni ilisema tangazo lilikiuka sera yake kuhusu maudhui ya kushtua. Ukaguzi wa kuhesabu vitu ungekuta alama ya sauti, uso mmoja, na yowe moja. Uchambuzi wa hatua tano ungekuta msawazo wa sekunde nne na uvurugaji wa sekunde moja, na ungeridhika.

Mkaguzi anayeitazama trela kama kitendawili angeanza na maswali mengine: fumbo limejengwa kwa nini, jibu limezuiwa au limerushwa usoni, na nani aliyelipa mji. Kwa tangazo la The Nun angeongeza moja, ambalo lingepaswa kuwa la kwanza katika fomu ya bodi yoyote inayoshughulikia matangazo yanayoingia katikati ya video ya mtu mwingine. Mtoto aliyekuwa akitazama katuni hakuwa amesema “Tega!”